Shajara ya mradi: karatasi ya ukaguzi kwa malewa ya Komini ya Kenya, Lubumbashi

Tarehe 4 Machi

Leo kazi imeanza rasmi. Malewa 12, yaani vibanda vya chakula vya mtaani, yaliyo kandokando ya Soko la Kenya (Kenya hapa ni komini, sehemu ya mji wetu, si nchi) yamekubali kuingia katika mradi, na afisa wa usafi wa eneo letu la afya, ambaye wapishi humwita kwa heshima Papa Mkaguzi, amekubali kwamba katika miezi ya majaribio ziara zetu hazitazaa faini wala malipo ya aina yoyote. Sharti hilo nililipigania kuliko mengine yote, kwa sababu mpishi anayeogopa kutozwa huficha sufuria ya jana, nasi tunahitaji kuiona sufuria hiyohiyo.

Lengo ni karatasi ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ambayo mpishi ataweza kujikagua nayo asubuhi kabla ya wateja kufika, na ambayo mkaguzi ataweza kuitumia mchana bila kubadilisha neno. Fomu niliyoikuta ikitumika imeandikwa kwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wa akina mama hawa hawaisomi. Maswali yake ya kwanza yanahusu hati, rangi ya ukuta na vigae. Swali la maji limewekwa karibu na mwisho, na hakuna popote panapoulizwa chakula kimekaa muda gani tangu kiive. Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, na wagonjwa wa kuhara na kutapika niliowapokea waliugua kwa maji, kwa mikono michafu na kwa chakula kilicholala.

Kwa upande wa sheria, tunaegemea Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, inayoweka misingi ya mpangilio wa afya ya umma hapa Kongo (DRC). Sheria ya namna hiyo huweka misingi. Si kazi yake kumweleza mpishi wa malewa afanye nini na maharage yake kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Karatasi yetu inataka kukaa mahali hapo, kati ya sheria na sufuria.

Tarehe 11 hadi 14 Machi

Kabla ya kuandika swali lolote nimekaa siku nne katika malewa manne, siku nzima kila moja, tangu moto unapowashwa saa kumi na moja alfajiri hadi sahani ya mwisho inapooshwa saa tisa na nusu, nikiandika saa ya kila jambo.

Maharage hupandishwa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, saa kumi na moja na nusu na huiva karibu na saa mbili. Hapo sufuria huondolewa ili nyama au sombe (majani ya muhogo) ipate nafasi, maana makala, yaani makaa, ni ghali na hakuna anayeweza kuwasha mbabula tatu kwa wakati mmoja. Sufuria hufunikwa na kuwekwa chini, pembeni, na wateja wengi huanza kuingia saa tano. Saa tano na robo nilitumbukiza kipimajoto katikati ya sufuria ya maharage katika malewa ya tatu nikapata nyuzi 47. (Kipimajoto nilikihakiki nyumbani kwa maji yanayochemka; kilisoma 96, kwa hiyo ninaongeza nyuzi 4 kwa kila kipimo ninachoandika hapa.)

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2001, ule wa funguo tano za chakula salama, unataka chakula cha moto kibaki juu ya nyuzi 60 na cha baridi chini ya nyuzi 5, na chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Maharage yale yalikuwa yamekaa zaidi ya saa tatu. Katika sufuria kubwa inayopoa polepole, bakteria aitwaye Clostridium perfringens hupata kila anachohitaji: mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na joto likishuka huamka na kuongezeka upesi. Wali una hatari yake nyingine, Bacillus cereus, ambaye sumu yake ya kutapisha haiharibiwi na kupashwa moto tena. Niliwaeleza akina mama jambo hili kwa urefu, kwa kuwa wote wanne walinijibu kwamba chakula kilichobaki hupashwa hadi kichemke, na waliamini kwa dhati kwamba kuchemsha kunafuta kila kitu. Kunaua bakteria wengi, ndiyo, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa katika wali wa jana hubaki.

Jambo la pili sikulitarajia, ingawa nimelishuhudia maisha yangu yote bila kulitazama. Beseni la maji ya kunawa hupitishwa meza hadi meza. Mteja wa nne hunawa maji ya wateja watatu waliomtangulia, kisha anamega bukari (ugali) kwa mkono huohuo. Malewa yote manne yana beseni la namna hiyo, na katika fomu ya zamani beseni hilo linahesabiwa kuwa jambo jema: swali linauliza kama kuna maji ya kunawia, na jibu ni ndiyo.

Tarehe 23 Machi

Nimesoma jinsi miji mingine inavyofanya, ili tusibuni upya kilichokwisha kubuniwa.

New York tangu Julai 2010 hubandika herufi mlangoni mwa mkahawa: kosa huhesabiwa kwa alama, na mkahawa wenye alama 0 hadi 13 hupewa A, 14 hadi 27 hupewa B, 28 na zaidi hupewa C. Usiopata A katika ziara ya kwanza haupewi herufi papo hapo, bali hukaguliwa tena baada ya muda. Toronto tangu 2001 hutumia rangi: kijani kwa aliyefaulu, njano kwa aliyefaulu kwa masharti, nyekundu kwa aliyefungiwa. Uingereza, isipokuwa Scotland, hutoa namba kuanzia 0 hadi 5. Huko Wales mwenye mkahawa analazimika kuionyesha namba hiyo tangu Novemba 2013, ilhali ndani ya England kuionyesha ni hiari.

Tunayochukua ni mawili. La kwanza ni uzito wa makosa: kuku mbichi aliyewekwa juu ya kachumbari hawezi kuhesabiwa sawa na ukuta uliobanduka rangi. La pili ni kwamba matokeo yabaki ukutani, mbele ya mlaji. Papa Mkaguzi alisita kuhusu hili la pili, kwa hofu kwamba litaleta ugomvi kati ya majirani. Mimi naona karatasi inayoishia kwenye faili ya ofisi haimsaidii mtu anayeketi kula. Herufi tumeziacha. Tumechukua kijani na njano pamoja na tarehe ya ziara, kwa kuwa rangi haihitaji kusomwa, nayo tarehe humwonyesha kila mtu kama ukaguzi ni wa juzi au wa mwaka uliopita. Nyekundu haimo, kwa sababu mradi huu hauna mamlaka ya kumfungia mtu biashara yake.

Tarehe 6 Aprili

Rasimu ya kwanza ina maswali 14, na sita kati yake ni mazito: maji ya kunywa, kunawa mikono, joto la chakula kilichoiva, muda wa wali, kutenganisha kibichi na kilichoiva, na mpishi mgonjwa. Tuliisoma kwa sauti chini ya turubai la malewa ya Mama Mwenyekiti, kiongozi wa kikundi cha wapishi, swali kwa swali, kuanzia saa kumi hadi jua likazama.

Swali la tatu ndilo lililozuia mkutano. Mama Mwenyekiti alisubiri nimalize, akasema: «Papa, umeandika sufuria isishuke chini ya nyuzi 60. Vizuri. Makala ya kuizuia isishuke nani ataninunulia?» Sikuwa na jibu, nikasema hivyo. Kanuni niliyoiandika ilikuwa sahihi kwa afya lakini ilikuwa inamdai gunia zima la ziada, na kanuni ya namna hiyo inakubaliwa mbele ya mkaguzi kisha inaachwa akishatoka.

Jibu lilitoka kwa mama mwingine, mkubwa wao kwa umri, aliyekumbuka jinsi shangazi yake kijijini alivyokuwa akifunga chungu kwa blanketi ili baba akute chakula cha moto akirudi shambani. Tulijaribu siku iliyofuata. Tulichukua kikapu kipana cha sokoni, tukatandika magunia matupu chini na pembeni, tukaingiza sufuria ya maharage ikiwa bado inatokota na kifuniko chake kimebana, tukaifunika kwa blanketi kuukuu lililofuliwa, na juu yake gunia jingine. Baada ya saa tatu kipimajoto kilinipa nyuzi 67, na baada ya saa nne nyuzi 63, bila kaa hata moja. Nimeandika kanuni: maharage, nyama na sombe huingia kikapuni vikitokota, na kikapu kinaaminiwa kwa saa nne. Kadiri sufuria ilivyojaa ndivyo joto linavyodumu, kwa hiyo sufuria iliyobaki nusu haifai kurudishwa humo bila kuchemshwa tena.

Wali haumo katika kanuni ya kikapu. Wali unapikwa mara mbili, kidogo kidogo, na uliokaa zaidi ya saa mbili hauuzwi wala haubebwi nyumbani kwa watoto. Sentensi ya mwisho iliwaumiza, na najua sababu, kwani kwa wengine wali uliobaki ndio chakula cha jioni.

Tarehe 19 Aprili

Javeli, yaani dawa ya klorini ya kuulia vijidudu. Kila mpishi anayo, na kila mmoja anaipima kwa kifuniko cha chupa bila kujua nguvu yake. Chupa moja imeandikwa asilimia 2.5, nyingine 5, nyingine haijaandikwa chochote. Na chupa iliyokaa juani kwenye meza ya mchuuzi imekwisha kupoteza sehemu ya nguvu hata kabla ya kununuliwa. Kwa kusuuzia vyombo tunahitaji mchanganyiko wa asilimia 0.05, yaani kipimo kimoja cha javeli ya asilimia 5 katika vipimo 99 vya maji, au kipimo kimoja cha asilimia 2.5 katika vipimo 49. Mchanganyiko huo haunywewi. Maji ya kunywa yanatakiwa kubaki na miligramu 0.2 hadi 0.5 tu za klorini kwa kila lita.

Kosa la kawaida zaidi nililoliona ni la mpangilio. Sahani yenye mafuta hutumbukizwa moja kwa moja katika maji ya javeli, na mafuta hayo pamoja na mabaki ya chakula huimaliza klorini kabla haijafanya kazi. Kwa hiyo mabeseni ni matatu: la kwanza la sabuni, la pili la maji safi, la tatu la javeli, kisha sahani hukauka yenyewe, bila kitambaa. Kitambaa kile kimoja kinachopangusa meza, mikono na sahani kimepewa swali lake peke yake katika rasimu ya pili.

Tarehe 10 Mei

Leo tumejadili cheti cha afya cha mpishi. Wapishi wanne walinionyesha vyeti vyao, vimehifadhiwa vizuri katika plastiki, na ninawaheshimu kwa hilo. Hata hivyo nilikataa kukifanya cheti kuwa swali zito. Homa ya matumbo ina wabebaji wasioumwa kabisa, na kipimo kimoja cha choo kinaweza kumkosa mbebaji kwa sababu bakteria hawatoki kila siku. Mary Mallon, mpishi wa New York aliyetambuliwa kuwa mbebaji mwaka 1907, alikuwa mwenye nguvu na afya. Aliwekwa karantini, akaachiwa mwaka 1910 kwa ahadi ya kutopika tena, akarudi jikoni kwa sababu hakupewa njia nyingine ya kupata mshahara kama ule, akakamatwa mwaka 1915 na kubaki karantini hadi kifo chake mwaka 1938. Nilipowasimulia habari hii, kilichowagusa akina mama ni lile suala la mshahara.

Nao wako karibu na ukweli. Kanuni tuliyoiandika inasema mpishi anayehara au kutapika asiguse chakula hadi saa 48 zipite tangu dalili ziishe. Mpishi anayelipwa kwa siku hawezi kuitii kanuni hiyo akiwa na njaa, ataficha. Kikundi kimeamua kwamba sehemu ya mchango wa kila juma, ule wanaochangiana kwa zamu, itengwe kwa ajili ya mpishi anayekaa nyumbani kwa sababu hiyo. Kiasi ni kidogo, lakini wameupanga wenyewe, wakapiga kura, na nimeuandika ndani ya karatasi kama sehemu ya kanuni.

Tarehe 2 Julai

Kiangazi kimeshika. Visima vifupi vimeshuka, maji ya bomba hayatoki kila siku, na bei ya bidoni (dumu) la maji imepanda. Katika malewa matano, ndoo yenye robine (bomba dogo la kufungulia maji) tuliyoiweka badala ya beseni la kupitishana nimeikuta kavu saa saba mchana. Tumepunguza mdomo wa robine ili maji yatoke kwa uzi mwembamba, na tumeandika mpangilio wa maji yanapokuwa machache: kwanza ya kunywa na kupikia, pili ya mikono, tatu ya vyombo, mwisho ya sakafu. Sakafu yenye vumbi kwa siku moja haitahesabiwa kosa katika miezi hii.

Tarehe 18 Julai

Ziara ya kwanza pamoja na Papa Mkaguzi, malewa sita kwa siku moja. Katika malewa ya pili alisimama mbele ya ukuta wa mabati, akauliza vigae viko wapi, na Mama mwenyewe akainamisha kichwa kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Nilimwomba Papa tuanze na sufuria. Akafungua kikapu, akaona mvuke, akanawa kwenye robine, akatazama mabeseni matatu, kisha akauliza maswali yote 14 kwa Kiswahili bila kuruka hata moja. Mwishoni alisema: «Mama, jiko lako ni la mabati, lakini hapa mimi ningekula.» Karatasi ya kijani ilibandikwa saa nne na dakika kumi, na kabla hatujatoka wateja wawili walikuwa wamesimama wanaisoma.

Ninaandika kwa nini woga ule wa kuinamisha kichwa haunishangazi. Katika mji huu, usafi uliwahi kutumika kutenganisha watu. Kamalondo, iliyoitwa Komini Albert wakati wa ukoloni, ilitengwa na mji wa Wazungu kwa ukanda mtupu wa ardhi, na sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Babu zetu walikaguliwa kama hatari inayopaswa kuwekwa mbali. Kwa hiyo mkaguzi anapoinama pamoja na mpishi juu ya sufuria moja, nami nikishika kalamu, jambo hilo lina uzito kwangu ambao sitaweza kuupigia alama kwenye karatasi yoyote.

Malewa manne yalipata kijani, mawili njano. Yale ya njano yote yana kosa moja: nyama mbichi na mboga zilizooshwa zinakatwa juu ya ubao mmoja.

Tarehe 9 Agosti

Vipimo vyangu vya joto, tangu Machi hadi leo, vina makosa, na makosa ni yangu.

Mwalimu wa fizikia anayekula kwa Mama Mwenyekiti alisoma karatasi ukutani, akaniuliza kipimajoto nilikihakiki vipi. Nilimweleza habari ya maji yanayochemka na nyuzi 96. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba Lubumbashi iko kwenye kimo cha mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwamba hewa ikiwa nyepesi maji huchemka kabla ya kufika 100. Hapa kwetu huchemka karibu na nyuzi 96. Kipimajoto kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Tulikwenda pamoja kwa muuzaji wa samaki wa baridi, tukaomba barafu, tukaiponda katika kikombe cha maji, tukakoroga na kusubiri: kilisoma 0.

Maana yake ni kwamba kila namba niliyoiandika imezidi kwa nyuzi 4. Maharage ya Machi yalikuwa 43, si 47, na hapo hukumu haibadiliki. Lakini kikapu kilichonipa 67 baada ya saa tatu kilikuwa na 63, na kile cha 63 baada ya saa nne kilikuwa na 59. Kanuni ya saa nne niliyowapa wapishi 12, nao wakaifuata kwa uaminifu kwa miezi minne, ilikuwa inawapeleka chini ya mpaka.

Nimezunguka malewa yote leo na jana, nikamweleza kila mpishi kwa mdomo, si kwa ujumbe wa simu. Karatasi mpya inasema saa tatu. Nimeandika pia kwamba kipimajoto kihakikiwe kwa barafu iliyopondwa, kwa sababu barafu haidanganywi na kimo cha mji. Mama mmoja aliniuliza kama kuna mtu aliyeugua kwa sababu ya saa ile moja ya ziada. Nilimjibu kwamba hakuna aliyeleta habari, na kwamba kukosa habari si uthibitisho, kwa kuwa mlaji hupita, hula, na akiumwa kesho yake huumwa mtaa mwingine.

Tarehe 21 Septemba

Toleo la nne la karatasi liko ukutani katika malewa 9. Maswali yamebaki 14, mazito yameongezeka hadi saba kwa kuingizwa ubao wa kukatia. Papa Mkaguzi ameomba nakala 30 ili aipeleke ofisini kwake na aijaribu katika malewa yasiyo ya kikundi chetu. Amekubali kwa maneno yake mwenyewe kwamba atakapoitumia huko hatabeba kitabu cha risiti siku hiyohiyo, ili ukaguzi na malipo visiingie kwa mlango mmoja. Nimeliandika hilo juu ya karatasi, mstari wa kwanza.

Malewa matatu yamebaki. Moja limehama; mpishi wake nimemwona anauza mihogo karibu na barabara, na ameomba tumwendee akipata mahali. La pili lina vifaa vyote lakini halina ndoo ya pili, nayo imeshaagizwa kwa mchango wa kikundi. La tatu liko chini kuliko mtaro, na maji yake machafu hayana pa kwenda. Mvua za Novemba zikianza, maji ya mtaro yatarudi hadi chini ya mbabula. Hilo haliwezi kutatuliwa kwa karatasi. Tarehe 5 Oktoba tunakutana pale na fundi mwashi, na vijana wawili wa mtaa wameahidi kuja na majembe ili tupime kina cha shimo la kupitishia maji.